Mama Alikataa Dripu kwa Kuogopa Nusu Kaputi



Leo hatuji na mishono. Mliouliza bei za shela na magauni ya walima tutawajibu In Shaa Allah, msituchukie. Leo tunataka kuzungumza habari ya mama, kwa sababu wiki iliyopita bi harusi mmoja mtarajiwa alikuja dukani kuchukuliwa vipimo, tukiwa tunampima mabega machozi yakaanza kumtoka. Baba yake amekutwa na saratani ya mapafu, ameandikiwa kemo, na mzee amekataa katakata. Anasema hawezi kupigwa nusu kaputi kila baada ya wiki tatu, iko siku hatoamka, na nani atamwozesha binti yake?

Tukatazamana. Maneno hayo hayo tuliyasikia nyumbani kwetu, na yalitugharimu wiki saba.

Sisi ni mawifi wawili. Mmoja wetu kazaliwa Unguja akaolewa huku Mbeya, mwingine kazaliwa hapa hapa Mwanjelwa. Tuna cherehani tatu na fremu ndogo karibu na soko, tunashona nguo za maharusi na kuuza mitandio na kanga zinazotoka visiwani. Huyu tunayemwita mama ni mama mzazi wa mmoja wetu na mavyaa wa mwingine, lakini wote tunamwita mama, kwa hivyo msije mkatuuliza ni wa nani.

Mama ni mzaliwa wa Iringa. Aliuza vitenge kwenye soko la zamani la Mwanjelwa mpaka lilipoungua mwaka 2006, baada ya hapo akawa anauza kidogo kidogo barazani. Ni mwanamke wa adhkari. Tasbihi yake haimtoki mkononi hata akipika.

Kikohozi kilianza wakati wa baridi. Msioijua Mbeya, mwezi wa sita na wa saba huku watu huvaa masweta mawili na kulala na soksi, kwa hivyo mtu akikohoa hakuna anayeshituka. Tukampa tangawizi na asali, tukampa habbat sauda. Alipoanza kupungua mwili tukampeleka kupima makohozi tukihofia kifua kikuu. Hakikuonekana. Akapewa dawa za nimonia, akapata nafuu wiki mbili, kisha kikohozi kikarudi na damu kidogo kwenye leso. Picha ya kifua ikaonyesha kivuli kwenye pafu la kulia. Tukaambiwa twende Dar es Salaam.

Jambo la kwanza watu walilotuuliza ni kama mama anavuta sigara. Mama! Ni kweli sigara ndiyo sababu kubwa ya saratani ya mapafu duniani, hilo halina ubishi, lakini wako wanaoipata hawajawahi hata kuishika, na moshi wa kuni na mkaa kwenye jiko lisilo na dirisha nao hutajwa. Mama kapika kwa kuni karibu umri wake wote. Swali lile lilimuumiza kuliko kikohozi, na tuna hakika ndilo lililomfanya aifiche ile damu siku kadhaa kabla ya kutuonyesha leso.

Kutoka Mbeya mpaka Dar ni zaidi ya kilomita 800. Unatoka alfajiri, unapita Makambako, unapita Iringa ambako mama alitoa mkono dirishani kutuonyesha upande waliko ndugu zake, unateremka Kitonga roho mkononi, Mikumi, Morogoro, na unafika usiku umechoka kama uliyetembea kwa miguu. Tulifikia kwa jamaa Magomeni.

Daktari alitaka kipande kidogo cha ule uvimbe kiende maabara, kwa sababu saratani ya mapafu ina aina zake na dawa huchaguliwa kwa aina. Njia waliyochagua ni kupitisha mpira mwembamba wenye kamera kwa njia ya pua mpaka ndani ya mapafu. Mama aliambiwa asile tangu usiku. Asubuhi akapuliziwa ganzi kooni ili asikabwe na kukohoa, akachomwa na sindano ya kumlegeza alale kidogo. Kuna karatasi tuliambiwa tusaini, tukasaini hatukusoma. Hospitali hiyo hatutaitaja, na kusema kweli sehemu ya kosa ni yetu, maana hatukuuliza hata swali moja.

Walipomtoa alikuwa kalala. Alipoamka hakujua yuko wapi, sauti imekauka, akawa anatuuliza kama ameshaswali, tunamjibu, kisha anauliza tena lile lile. Adhuhuri ilikuwa imempita na alasiri iko ukingoni. Alipopata akili vizuri alilia kilio ambacho hatujapata kumwona akilia, hata siku ya kumzika baba. Akasema, "Wanangu, nimekufa nikarudi. Na shahada sikuwa nayo mdomoni."

Hapo ndipo penyewe. Mama haogopi kufa kama sisi tunavyoogopa. Anachoogopa ni kufa hajui kwamba anakufa. Dada yake wa toka nitoke aliingia chumba cha upasuaji miaka mingi nyuma akatolewa maiti, na tangu siku hiyo neno nusu kaputi kwake ni neno la msiba. Na neno lenyewe jamani halimsaidii mtu. Nusu ni nusu, na kaputi wazee husema ni Kijerumani, kitu kilichoharibika au kilichokwisha. Mtu aliyekwisha nusu. Nani atalala kwa raha juu ya kitanda kwa jina hilo?

Majibu yalipotoka tukaambiwa uvimbe ulivyokaa haukatiki kwa kisu, mama aanze kemo, yaani dawa za saratani zinazopita mshipani kwa dripu. Mara nne, pengine zifike sita, kila baada ya siku 21. Mama akahesabu kwa vidole. Akasema, "Mara sita nife nirudi? Hiyo ya saba ndiyo sitarudi." Kisha akatukumbusha kwamba mdogo wetu wa mwisho kishavishwa pete, miezi haikubaki mingi, na yeye hayuko tayari harusi ya mwanawe igeuke matanga. Harusi kwanza, dripu baadaye. Akafunga mkoba.

Tukarudi naye Mbeya.

Hapa tutasema lisilopendeza. Jibu lake lilitufaa. Ulikuwa msimu wa harusi, oda zimejaa mpaka juu ya kabati, safari za Dar ni pesa, na sisi wenyewe tulikuwa tukiamini kama anavyoamini yeye, kwamba kemo ni kulazwa usingizi, mtu amwagiwe sumu akiwa hajitambui. Nani alituambia? Hakuna. Tuliunganisha wenyewe. Tuliona saratani, tukaona dawa kali, tukamkumbuka jirani wa sokoni aliyefanyiwa upasuaji wa titi na kusimulia alivyohesabishwa moja mpaka kumi akapotea kwenye nne. Kwetu sisi yote yalikuwa ni kitu kimoja, matibabu ya saratani. Wiki zikapita. Kikohozi kikazidi usiku, nasi tukashona.

Aliyetuzindua hata si daktari. Ni ustadha wetu wa darasa la Alkhamisi. Mama alimuuliza mbele ya wanawake wote kama ana dhambi kwa kukataa dawa inayoondoa akili. Ustadha akamsimulia kisa cha Urwa bin Zubeir, mtoto wa Bi Asma binti Abubakar, yule ambaye mguu wake uliingia maradhi akiwa safarini Sham. Waganga wakataka kuukata, wakampa kitu cha kunywa kimwondoe fahamu. Akakataa, ukakatwa akiwa anamdhukuru Mola wake. Mama akatikisa kichwa kwa furaha, kapata mtu wa kumuunga mkono! Ustadha akacheka. Akamwambia, bibi, sikiliza vizuri, Urwa aliikataa ile dawa lakini mguu aliutoa ukakatwa. Hakuyakataa matibabu. Tena lile lilikuwa chaguo lake mwenyewe, wanazuoni wameruhusu dawa ya usingizi kwa mwenye kuihitaji, na aliyelala kalamu haimwandiki mpaka aamke, akiamka atalipa swala zake. Kisha akauliza swali ambalo sisi tuliosoma mpaka sekondari hatukuwahi kuliuliza: "Na huyo daktari, kasema kwa mdomo wake kwamba kwenye dripu utalazwa?"

Kimya. Hatukuwa na jibu.

Kesho yake tukapiga simu. Tuliahidiwa tutapigiwa, tukapigiwa jioni tukiwa katikati ya kukata kitambaa cha satini. Daktari alisikiliza yote, kisha akauliza taratibu, "Nani kawaambia kemo inataka nusu kaputi?" Tukanyamaza tena. Akasema hapana. Mgonjwa wa kemo anakuwa macho. Anakaa kwenye kiti au kitanda, anawekewa sindano ya mshipani kama ya dripu ya malaria, anazungumza, anakunywa chai, anakwenda chooni na chupa yake, anarudi.

Tukamuuliza kwa nini basi kwenye ule mpira alilazwa. Alivyotueleza ndivyo tunavyowaeleza nanyi, kwa lugha yetu ya ushonaji. Dawa ya usingizi ni ya pale panapoingia kisu, au kifaa kinachopita mahali mwili haukubali kukaa kimya. Ndiyo kazi iliyoizaa. Ile siku mashuhuri walipoionyesha hadharani Boston, Marekani, tarehe 16 Oktoba 1846, mgonjwa alikuwa anatolewa uvimbe shingoni. Kwenye dripu hakuna kisu. Kuna tundu moja dogo la sindano, na maumivu yake hata mtoto wa chanjo anayajua.

Halafu akasema jambo ambalo ndilo hasa lililombadilisha mama tulipomweka simu sikioni. Akamwambia, "Mama, hata ungeniomba nikulaze nisingependa. Nakuhitaji uwe macho." Kuna dawa za kemo ambazo mwili wa mtu unaweza kuzikataa, na mara nyingi hutokea dakika za mwanzo za dripu ya kwanza au ya pili. Mgonjwa anawashwa, uso unamwiva, kifua kinabana, mgongo unauma ghafla. Anayejua wa kwanza ni mgonjwa mwenyewe. Akisema, muuguzi anafunga dripu, anampa dawa, wanasubiri. Vile vile dawa ikivuja nje ya mshipa huweza kuunguza nyama, na dalili yake ya kwanza ni mgonjwa kusema mkono unachoma. Aliyelazwa fofofo atasemaje?

Mama akatoa simu sikioni akatutazama. "Kumbe wananitaka na ulimi wangu." Alisema hivyo tu. Asubuhi tukamkuta kashapanga nguo za safari.

Kemo yake alianzia Ocean Road. Nyinyi mlioko Unguja na Pemba hospitali hiyo mnaifahamu, maana wagonjwa wetu wengi wa visiwani hupanda boti kwenda huko huko. Iko ufukweni Dar, majengo yake ya zamani ni ya tangu enzi za Mjerumani, na mwaka 1996 ndipo ilipofanywa taasisi ya saratani inayojitegemea. Mama alifurahi kuona bahari, akasema angalau upepo wa sadaka upo.

Kwanza alitolewa damu. Hilo hurudiwa kabla ya kila dripu, kuangalia kama chembe za damu zinatosha na figo ziko sawa, na zisipotosha unarudishwa nyumbani usubiri, msikasirike ikiwatokea. Tukaulizwa kama amekula. Mama akajibu kwa fahari kwamba hajala tangu usiku! Alidhani ni kama siku ya ule mpira. Muuguzi akatutuma chai na mkate haraka. Hii ni tofauti kubwa, itieni akilini. Siku ya nusu kaputi unaambiwa usile, kwa sababu aliyelala chakula kinaweza kumpanda kikaingia mapafuni. Siku ya kemo ya kawaida unakula, chakula chepesi, na maji ya kutosha.

Dawa zake zilikuwa mbili, paklitakseli iliyochukua saa tatu, halafu kaboplatini iliyochukua kama saa moja. Hii ya pili ina kisa, na maharusi mtakipenda. Ndani yake mna platinamu, ndiyo, ile ile madini ya pete za ndoa za wenye uwezo. Dada yake mkubwa anaitwa sisplatini, na aliyegundua nguvu yake ni Mmarekani Barnett Rosenberg, mwaka 1965, akitafuta kitu kingine kabisa. Alikuwa anapitisha umeme kwenye vijidudu kwa vijiti vya platinamu, vijidudu vikaacha kugawanyika, akagundua kwamba si umeme, ni ile platinamu. Mama tulipomweleza alicheka mpaka chupa ikatikisika. "Kwa hiyo mahari yangu ndiyo inaingia leo."

Sasa sikilizeni kilichotokea. Kabla ya dripu walimchoma sindano za kutangulia, ya kuzuia kutapika, ya kutuliza tumbo, na ya kuzuia mzio. Dakika ishirini hazikufika, mama kalala anakoroma. Tukafurahi, maskini, anapumzika. Alipoamka baada ya nusu saa alituangalia kwa jicho ambalo mmoja wetu halijui ila toka siku alipoungua pilau ya hitima. "Mmenidanganya. Wamenipiga nusu kaputi."

Tukamwita muuguzi. Akaeleza kwamba ile ya mzio ni ukoo mmoja na vile vidonge vya Piriton tunavyomeza kwa mafua, inaleta usingizi kama vidonge vinavyoleta. Si nusu kaputi. Ukiguswa unaamka, ukiitwa unaitika, unapumua mwenyewe. Mama hakusadiki mpaka muuguzi alipomwambia, haya bibi, safari ijayo nitakwambia kabla sijachoma, utavuta uradi wako kwanza. Na dripu ya pili alifanya hivyo hivyo. Mkono wa kushoto una sindano, wa kulia una tasbihi. Alipohisi macho mazito alitutazama akasema shahada kwa sauti, akalala kwa raha zake. Wagonjwa wa viti vya jirani walidhani anakata roho, ikabidi tuwaombe radhi.

Kichekesho ni kwamba ndani ya zile sindano za kutangulia mna dawa nyingine inayofukuza usingizi. Usiku ule aliyeogopa kulazwa alikesha macho kodo. Alisimama tahajudi mpaka alfajiri.

Kwa hivyo kwenye kemo ya saratani ya mapafu hakuna nusu kaputi. Mahali inapoingia ni kwenye upasuaji wa kukata sehemu ya pafu, kwa wale ambao uvimbe wao unakatika, hapo mtu hulazwa kabisa. Kuchukua kinyama kwa mpira ni kama alivyofanyiwa mama, ganzi ya koo na kulegezwa. Kuchukua kwa sindano kupitia kifuani mara nyingi ni ganzi ya ngozi tu. Wako wanaowekewa kifaa kidogo chini ya ngozi ya kifua ili wasichomwechomwe mishipa, nacho kwa kawaida ni ganzi. Watoto wadogo ni habari nyingine, wao huweza kulazwa kwa sindano ya uti wa mgongo au ili watulie kwenye mionzi, na hiyo mama wa mtoto aulize yake.

Tusiwafiche, kemo si mteremko. Mifupa ilimuuma siku ya tatu na ya nne baada ya kila dripu, nywele zilitoka zote (alisema bora ajifunike Mola alishampa dawa ya hilo mapema, mtandio), mdomo ukawa hauna ladha. Kati ya wiki ya kwanza na ya pili kinga ya mwili hushuka, tukafunga mlango kwa wageni wenye mafua, wakatusema kwamba tunaringa. Homa ikipanda wakati huo ni hospitali siku hiyo hiyo, hakuna kusubiri asubuhi.

Lakini kitu kilichotuuma zaidi sisi washonaji hakikuwa katika orodha yetu ya hofu. Baada ya dripu ya pili mama alikaa barazani kutia uzi kwenye sindano. Alikuwa anataka kupinda kwa mkono wake kanga ya kisutu ya mdogo wetu, kama alivyopindia mmoja wetu yake na kama alivyompokelea mwingine alipokuja kutoka Unguja. Uzi ukamshinda. Tukadhani macho. Akasema, "Siyo macho. Vidole vina ganzi." Ncha za vidole zilikuwa hazisikii sindano ipo wala haipo.

Ganzi! Tulikimbia ganzi wiki saba, ikaja kupitia mlango mwingine. Ile dawa ya kwanza, paklitakseli, hugusa mishipa ya fahamu ya mikono na miguu. Tulipomtajia daktari safari iliyofuata alituambia tumefanya vyema kusema, maana ikizidi hupunguza kipimo au hubadilisha dawa, na wagonjwa wengi hunyamaza wakidhani ni uzee. Kwa wengi hupungua taratibu baada ya tiba kwisha, si kwa wote. Kwa mama imepungua kidogo. Jiko la mkaa tumemkataza kulisogelea, kwa moshi na pia kwa sababu anaweza kuungua asihisi.

Kisutu tulikipinda sisi. Alikaa kitini akituelekeza, na kila tulipokosea pindo alijua kwa kuangalia tu. Kuna mahali tulifumua mara tatu.

Harusi ilifanyika baada ya dripu ya tatu, tukaipanga wiki ambayo kinga yake imesharudi. Mama alitaka hina. Tuliuliza hospitali kwanza, tukaambiwa hina halisi ya majani haina neno ila aache kidole kimoja kitupu kwa ajili ya kile kibanio wanachopimia pumzi, na piko asiguse, kwa ngozi iliyochoka haifai. (Na nyinyi maharusi ngozi zenu hazijachoka, lakini piko tumeshaisema sana hapa.) Mpakaji akamwachia kidole cha shahada cha mkono wa kulia, cheupe peke yake. Watu ukumbini walidhani ni mtindo mpya, na tuna wateja wawili waliotaka wafanyiwe hivyo hivyo.

Dripu ya nne ameimaliza. Uvimbe umepungua, haujaondoka. Daktari hakutuambia amepona na hatujui kama atatuambia. Na zile wiki saba hakuna aliyetuhesabia zilikula nini, wala hatujathubutu kuuliza, ila kila mmoja wetu hulala nazo.

Mwezi uliopita pumzi ikawa fupi, maji yamejaa pembeni ya pafu. Tukampeleka, wakasema watamtoa maji kwa sindano mgongoni, watampiga ganzi. Sisi wawili tukashikana mikono, tukajua sasa tunaanza upya. Mama alikuwa ameshakaa kitandani, mgongo wazi, kakumbatia mto kama alivyoonyeshwa. Akageuza shingo akamuuliza yule kijana wa udaktari, "Ganzi ya ngozi au ya kichwa?"

"Ya ngozi, bibi. Hapa tu pa sindano."

"Haya. Nitaongea lakini."

Akaongea. Aliwaeleza habari za soko la Mwanjelwa kabla halijaungua, mpaka maji yalipokwisha kutoka.

Basi yule bi harusi tukamfuta machozi, tukamwambia apige simu kwa baba yake. Mzee hakutaka kusikia habari za washonaji. Tukampigia mama nyumbani, tukaziunganisha simu mbili. Walikaa zaidi ya nusu saa. Tulisikia mama akimwambia siku hiyo ale kabla ya kwenda, na abebe tasbihi ndogo maana kubwa inanasa kwenye mpira wa dripu, na asione haya kupiga kelele mkono ukichoma. Mzee akauliza kitu hatukukisikia. Mama akajibu, "Si nipo nazungumza nawe?"

Sisi tukaendelea kumpima bi harusi. Tulikuwa tumefika kwenye mikono.